Mfumo endeshi wa mtandao: unavyofanya kazi na unavyotofautiana na mfumo wa kompyuta ya kawaida

Ofisi nyingi za jumuiya zetu, vituo vyetu vya afya na shule zetu sasa zina kompyuta tatu, tano, hata kumi. Kila moja ilinunuliwa kwa wakati wake na inafanya kazi peke yake. Hesabu ziko kwenye mashine ya mhazini, orodha ya waliobatizwa iko kwenye mashine ya katibu, na ripoti za miradi zinatembea kutoka meza hadi meza ndani ya flashi. Kisha fundi analeta profoma yenye neno "seva", na bei yake inawafanya wajumbe wa kamati watazamane. Tunaandika makala hii ili kamati inayopaswa kuamua ijue inanunua nini hasa, na ni wajibu gani unaokuja pamoja na kitu hicho.

Mfumo endeshi wa kawaida

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta yote tangu inapowashwa. Ndio unaogawa muda wa prosesa kati ya programu mbalimbali, unaogawa kumbukumbu, unaopanga faili kwenye diski, na unaozungumza na kibodi, skrini na printa. Programu ya kuandikia barua haijui diski imeundwa namna gani. Inaomba mfumo endeshi uihifadhi barua, nao unaihifadhi. Windows 11, macOS na Ubuntu ya mezani ni mifano inayojulikana.

Mfumo wa namna hii umejengwa juu ya wazo moja: mtu ameketi mbele ya mashine, na mashine inamtumikia yeye. Inaweza kuwa na akaunti za watu kadhaa, lakini orodha ya watu hao imo ndani ya mashine ile tu. Kompyuta ya meza ya pili haiwajui.

Hii haina maana kwamba kompyuta za kawaida haziwezi kuunganishwa. Tangu Windows for Workgroups ya mwaka 1992, mashine za mezani zimeweza kushirikiana folda na printa bila kuwa na seva. Windows 11 inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kutumia mashine moja kwa njia hiyo. Kwa ofisi ndogo hilo linatosha. Ugumu unaanza watu wanapoongezeka. Chukua ofisi yenye wafanyakazi 8 na kompyuta 8. Ili kila mmoja aweze kutumia mashine yoyote kwa jina lake, zinahitajika akaunti 64. Mfanyakazi mmoja akihamishwa, lazima mtu apite kwenye mashine zote 8 kumfuta. Akisahau moja, mlango huo unabaki wazi. Tena, mwenye folda akizima kompyuta yake kwenda nyumbani, wote waliobaki wanakosa faili.

Mfumo endeshi wa mtandao

Mfumo endeshi wa mtandao unaanza na wazo tofauti: watu wengi, mashine nyingi, na mali ya pamoja. Unawekwa kwenye kompyuta moja au zaidi zinazoitwa seva, na kompyuta za wafanyakazi huitwa wateja. Seva si lazima iwe mashine kubwa. Programu iliyo ndani yake na kazi iliyopewa ndivyo vinavyoifanya seva. Mara nyingi haina hata mtu anayeketi mbele yake.

Kazi zake kuu ni hizi:

1. Kutunza orodha moja ya watumiaji. Jina na neno la siri huandikwa mara moja, na mashine zote za ofisi zinaiuliza orodha hiyo. Katika mfano wetu, akaunti 64 zinakuwa 8.

2. Kugawa ruhusa. Kila folda ina orodha ya nani anaweza kusoma tu, nani anaweza kubadili, na nani haruhusiwi kabisa. Ruhusa hutolewa kwa makundi, kama vile "wahasibu" au "wauguzi". Mtu akibadilishiwa kazi, anatolewa kundi moja na kuingizwa lingine.

3. Kushirikisha faili na printa, na kuzuia mgongano. Wawili wakifungua faili moja kwa pamoja, mfumo unaweza kumpa wa kwanza haki ya kuandika na kumwacha wa pili asome tu, ili kazi ya mmoja isifute ya mwingine.

4. Kuandika kumbukumbu za matukio. Ukipangwa hivyo, unaonyesha nani aliingia saa ngapi, faili gani ilifutwa na kwa jina la nani.

5. Kutoa huduma za mtandao wenyewe, kama kuzipa kompyuta anwani na kuyageuza majina ya mashine kuwa anwani hizo.

Safari ya faili moja

Tuseme muuguzi wa kituo cha afya anafungua daftari la dawa lililo kwenye seva. Asubuhi alipoingiza jina na neno lake la siri, seva ilimhakiki na kuipa kompyuta yake tiketi ya muda. Njia hiyo ya tiketi huitwa Kerberos. Ilibuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani, na inatumika hadi leo katika ofisi nyingi duniani.

Anapobonyeza faili, mfumo wa kompyuta yake unatambua kwamba diski inayoitwa, tuseme, herufi H, haimo ndani ya mashine hiyo. Badala ya kuitafuta kwenye diski yake, unatuma ombi kupitia waya au Wi-Fi kwa lugha ya kushirikisha faili, ambayo katika ofisi za Windows ni SMB. Seva inatazama tiketi, inalinganisha na orodha ya ruhusa ya faili ile, inaangalia kama kuna mwingine anayeiandika, kisha inatuma yaliyomo. Yote haya huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa muuguzi, faili imefunguka kama faili nyingine yoyote. Lakini amepita kwenye lango lenye mlinzi.

Hapo kuna tofauti nyingine ambayo vitabu vya kompyuta hupenda kuitaja. Katika mfumo endeshi wa mtandao, kila mashine inabaki na mfumo wake yenyewe, na mtumiaji anaweza kujua kwamba faili iko kwenye seva fulani. Katika mfumo endeshi uliosambazwa, mashine nyingi hujionyesha kama kompyuta moja, na mtumiaji hajui kazi yake inafanyika kwenye ipi.

Ulikotoka

Mwaka 1983 kampuni ya Novell ya Marekani ilitoa NetWare, ambayo ilitawala ofisi nyingi hadi katikati ya miaka ya 1990. Ilifanya hasa kazi mbili, kugawa faili na printa, na ilizifanya vizuri. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, na pamoja na Windows 2000 ikaja Active Directory, ile orodha kuu ya watumiaji na mashine ambayo bado inatumika katika Windows Server.

Njia ya pili inatoka kwa Unix, iliyoanzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Tangu mapema Unix ilizoea watu wengi kutumia mashine moja, ndiyo maana ruhusa za kusoma, kuandika na kutekeleza zimo ndani yake kabisa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianzisha Linux kwa kufuata mfano huo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Andrew Tridgell wa Australia alianza kazi iliyozaa Samba, programu inayoiwezesha Linux au Unix kuhudumia kompyuta za Windows. Tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012, Samba inaweza hata kushika kazi ya Active Directory.

Tofauti hii inagusa mfuko. Windows Server inalipiwa, na juu yake kuna leseni kwa kila mtumiaji au kila kifaa kinachoiendea. Linux na Samba zinaweza kupatikana bure, lakini zinahitaji fundi anayezijua. Profoma isiyotaja leseni za watumiaji haijamaliza kuhesabu.

Jina "mfumo endeshi wa mtandao" hutumika pia kwa programu iliyo ndani ya ruta na swichi, kama IOS ya Cisco au RouterOS ya MikroTik. Hiyo haitunzi faili za ofisi. Kazi yake ni kuongoza data njiani. Fundi akitumia jina hilo, aulizwe anasema juu ya lipi.

Yasiyofanywa na seva

Kamati nyingine hudhani kwamba mali ikishaingia kwenye seva imepona. Sivyo. Faili zikikusanywa mahali pamoja, hatari nayo inakusanyika hapo. Diski ikifa, wote wanapoteza. Diski mbili zinazoandika kitu kilekile husaidia moja ikiharibika, lakini faili iliyofutwa kwa makosa inafutika kwenye zote mbili. Nakala ya akiba lazima iwe kwenye kifaa kingine, kinachochomolewa na kuhifadhiwa nje ya jengo, na mara kwa mara ijaribiwe kama inafunguka.

Umeme nao ni jambo la kupangiwa mapema. Seva iliyozimika ghafla wakati wa kuandika inaweza kuharibu faili. Kifaa cha betri kinachoishikilia kwa dakika chache, mpaka izimwe kwa utaratibu, kihesabiwe ndani ya bei na si kama nyongeza ya baadaye.

Kisha kuna umri wa programu. Windows Server 2012 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, ila kwa wanaolipia nyongeza. Tusidharau jambo hilo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia tundu katika toleo la zamani la SMB, kikifunga faili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa hawajaiweka.

Anayeshika ufunguo

Kila mfumo endeshi wa mtandao una akaunti ya msimamizi mkuu. Anayeishika anaweza kuingia karibu kila mahali, kubadili ruhusa za wengine, hata kufuta kumbukumbu za matukio. Kwa hiyo kanisa linaloweka seva linamteua wakili, hata kama halikumwita hivyo. Akiwa ni kijana mmoja mwenye kujua kompyuta, na neno la siri liko kichwani mwake tu, siku atakapohama mji kumbukumbu ya jumuiya itahama naye.

Katika 1 Mambo ya Nyakati 9 tunasoma habari za Walawi waliolinda malango na hazina za nyumba ya Mungu. Vyombo vilihesabiwa vilipoingizwa, vikahesabiwa tena vilipotolewa. Mtume Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, hakutaka mchango uchukuliwe na mtu mmoja, ili lisiwepo la kulaumu. Hakuna aliyetukanwa kwa kuhesabiwa vyombo. Utaratibu ulimlinda mlinzi mwenyewe.

Kwa mfumo wa kompyuta, maana yake ni mambo ya kawaida sana. Neno la siri la msimamizi liandikwe na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la fedha. Msimamizi atumie akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Mtu wa pili afundishwe. Faili za wagonjwa zisomwe na wanaowatibu tu, wala si na kila mchungaji au mjumbe wa kamati. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa data za watu. Lakini hata bila sheria, mgonjwa aliyetuamini na siri yake anastahili hilo.

Kabla ya kutia sahihi

Parokia yenye kompyuta mbili au tatu haihitaji seva. Folda moja ya pamoja na nakala ya akiba kila juma vinaisaidia zaidi. Ofisi ya jumuiya, hospitali au shule kubwa iulize fundi maswali haya, na majibu yaandikwe: Ni mfumo gani, na masahihisho yake yanaisha mwaka gani? Leseni ni ngapi? Nakala ya akiba itakaa wapi, na nani ataijaribu? Betri imo ndani ya bei? Watu gani wawili watashika ufunguo? Kama swali la mwisho halina jibu, fedha zingoje kwanza mpaka kamati iwapate watu hao.