Łódź: Kiwanda cha pamba kilichogeuka maduka na hoteli

Leo tunakwenda Łódź, mji ulio katikati ya Poland, kiasi cha kilomita 130 kusini-magharibi mwa mji mkuu, Warsaw. Jina lake huwashinda wageni wengi. Linaandikwa kwa herufi nne, linatamkwa karibu na "wuch", na maana yake ni mashua. Lakini ni mashua isiyo na maji, kwani bahari iko mbali sana, na vijito vilivyokuwa vikipita mjini vingi vyake vilikwishafunikwa na kupitishwa chini ya barabara. Mji huu ulikuzwa na pamba, na pamba ndiyo iliyouangusha. Katika mtaa wa Ogrodowa mtu anaweza kuisoma habari hiyo yote katika eneo moja lenye ukubwa wa hekta 27, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha Izrael Poznański na leo linaitwa Manufaktura.

Mwaka 1820 serikali ya Ufalme wa Poland, uliokuwa chini ya Tsar wa Urusi, iliamua kuifanya Łódź kuwa mji wa viwanda. Wakati huo ulikuwa mji mdogo wa nyumba za mbao, wenye wakazi wasiofika 800. Wafumaji wa nguo waliitwa kutoka nchi za Wajerumani na kutoka Bohemia, wakaahidiwa viwanja, mbao za kujengea na msamaha wa kodi. Wakaja. Nyuma yao wakaja Wayahudi wafanyabiashara, na nyuma ya hao wakaja wakulima wa Kipoland waliokuwa hawana ardhi. Mwaka 1851 mpaka wa ushuru wa forodha kati ya Poland na Urusi uliondolewa, na ghafla mfumaji wa Łódź akawa na soko linalofika hadi Siberia. Ilipofika mwaka 1914, mji ule wa watu 800 ulikuwa na wakazi wapatao laki tano. Ni miji michache ya Ulaya iliyokua kwa kasi kama hiyo.

Izrael Poznański alizaliwa mwaka 1833 katika mji mdogo wa Aleksandrów, jirani na Łódź, katika familia ya Kiyahudi ya wauza nguo. Mwaka 1871 alianza kununua viwanja katika mtaa wa Ogrodowa, kimoja baada ya kingine, na mwaka uliofuata mitambo yake 200 ya kufuma ikaanza kufanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 likasimama jengo kubwa la kusokota nyuzi, la ghorofa tano, la matofali mekundu, lenye minara kwenye pembe zake kama ngome ya kivita. Mchora ramani wake alikuwa Hilary Majewski, msanifu majengo wa mji. Kiwanda kilikuwa na reli yake chenyewe, kikosi chake cha zimamoto na karakana zake za kufua vyuma. Marobota ya pamba yaliingia upande mmoja na vitambaa vilivyokwisha kutiwa rangi vikatoka upande wa pili.

Kando ya kiwanda tajiri huyo alijenga kasri. Watu wa Łódź husimulia kwamba msanifu alipomwuliza anataka mtindo gani wa ujenzi, alijibu kwamba anataka mitindo yote, kwa kuwa pesa za kuilipia yote anazo. Huenda ni hadithi tu, lakini mtu akilitazama lile kasri na mapambo yake ya kila namna, hapati shida kuiamini. Tangu mwaka 1975 ni makumbusho ya historia ya mji.

Ng'ambo ya pili ya barabara, kulielekea lango la kiwanda, Poznański aliwajengea wafanyakazi wake nyumba. Nazo ni za matofali yale yale mekundu, ndefu, zenye vyumba vidogo vidogo, na hadi leo wenyeji huziita "famuły". Lango, kasri na famuły vinatazamana. Mfanyakazi alikuwa akiamka kwa king'ora, anavuka barabara, anafanya kazi saa 13 au 14, kisha anavuka barabara tena kurudi kulala. Sheria ya Urusi ya mwaka 1897 ilishusha kazi hadi saa 11 na nusu kwa siku, na hayo yalihesabiwa kuwa maendeleo makubwa. Mwezi Juni mwaka 1905, wakati himaya nzima ya Tsar ilipokuwa ikitikisika, wafanyakazi wa Łódź walifunga mitaa kwa vizuizi na kupambana na wanajeshi. Zaidi ya watu 150 waliuawa.

Poznański mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1900, akazikwa katika makaburi ya Kiyahudi ya mji huo, ndani ya kaburi ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi ya Wayahudi duniani. Warithi wake hawakuwa na bahati yake. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani waliuteka mji na kuchukua malighafi na vyuma vya mitambo, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 soko la Urusi likafungwa. Madeni yakaongezeka, na kampuni ikaangukia mikononi mwa benki moja ya Italia.

Kisha yakaja mambo ambayo hayawezi kupimwa kwa madeni. Kabla ya vita vya pili vya dunia theluthi moja ya wakazi wa Łódź walikuwa Wayahudi. Mwaka 1940 Wajerumani waliubadilisha mji jina wakauita Litzmannstadt, na wakawafungia Wayahudi zaidi ya 160,000 katika mitaa ya kaskazini, mwendo mfupi tu kutoka kiwanda hiki kilichoanzishwa na Myahudi. Humo walilazimishwa kufanya kazi, wengi wakiwashonea sare wanajeshi wa Ujerumani, huku wakifa kwa njaa na maradhi. Waliobakia walipelekwa kuuawa katika kambi za Chełmno na Auschwitz, na mtaa huo ukamalizwa mwezi Agosti mwaka 1944. Jeshi la Kisovieti lilipoingia mjini Januari 1945, waliokutwa hai humo hawakufika 900.

Baada ya vita kiwanda kikawa mali ya serikali ya Kikomunisti na kikapewa jina la mwanamapinduzi Julian Marchlewski. Serikali hiyo ilidai kuwa ni ya wafanyakazi. Na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Łódź, wengi wao sana, walikuwa wanawake. Walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, katika joto, vumbi la pamba na kelele za mitambo zilizowafanya wazoee kusomana midomo. Akitoka kazini, mwanamke alikwenda kupanga foleni ya nyama.

Hapa, msikilizaji, ndipo kiwanda hiki kilipoingia katika historia ya Poland kwa namna ambayo matajiri wake wote hawakuweza kukiingiza. Mwezi Disemba mwaka 1970, siku chache kabla ya Krismasi, serikali ilipandisha bei za vyakula. Wafanyakazi wa bandari na viwanda vya meli katika pwani ya Baltiki waligoma, wakapigwa risasi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kiongozi wa chama, Władysław Gomułka, alilazimika kuondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Edward Gierek. Lakini bei hazikushuka. Gierek alizungumza na wafanyakazi wa meli, akawaomba wamsaidie, nao wakarudi kazini.

Wanawake wa Łódź hawakurudi. Mgomo ulianza tarehe 10 Februari 1971, na kiwanda cha Marchlewski kilikuwa miongoni mwa vile vya kwanza kuzima mitambo. Katika siku chache makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamegoma. Tarehe 14 waziri mkuu Piotr Jaroszewicz alisafiri mwenyewe kutoka Warsaw kuja kuwabembeleza. Akakuta kina mama waliochoka, wanaomwambia bila kupamba maneno kwamba watoto wao wanakwenda shuleni na mkate mkavu. Jioni ya siku ya pili yake serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Machi bei zitarudi zilivyokuwa. Jambo lililowashinda wanaume wa pwani waliomwaga damu, wafumaji wa Łódź walilipata pasipo risasi hata moja kufyatuliwa. Ni ajabu kwamba dunia inaikumbuka Gdańsk, na ni wachache nje ya Poland wanaoujua mgomo huu.

Ushindi ule haukukilinda kiwanda milele. Ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989 na Muungano wa Kisovieti ukavunjika miaka miwili baadaye, soko la mashariki lilitoweka kwa mara ya pili katika karne moja. Nguo za bei nafuu kutoka Asia zikaingia. Mitambo iliyokuwa imezeeka haikuweza kushindana nazo, na katika miaka ya 1990 kiwanda kikafungwa, sawa na vingine vingi mjini. Wanawake waliokuwa wameingia humo wakiwa wasichana walitoka wakiwa na miaka 45 au 50, na ujuzi ambao hapana aliyeutaka. Majengo yakabaki matupu katikati ya mji, madirisha yamevunjika, miti ikiota juu ya mapaa.

Kampuni ya Apsys kutoka Ufaransa ndiyo iliyojitokeza na wazo la kugeuza eneo lote kuwa mahali pa maduka, mikahawa na starehe. Ujenzi ulianza mwaka 2003 na ukagharimu kiasi cha yuro milioni 200. Baadhi ya majengo yalibomolewa, lakini yale makuu ya karne ya 19 yalihifadhiwa: matofali yalisafishwa hadi rangi yake nyekundu ikarudi, nguzo za chuma zikaachwa mahali pake, na nyuma yake likajengwa jengo jipya refu la vioo na chuma kwa ajili ya maduka. Katikati ukaachwa uwanja mkubwa wa wazi wenye chemchemi. Manufaktura ilifunguliwa tarehe 17 Mei 2006. Mwaka 2008 jumba moja la kufumia likawa tawi la makumbusho ya sanaa ya mji, mojawapo ya makumbusho ya kale zaidi ya sanaa za kisasa barani Ulaya.

Jengo kubwa la kusokota nyuzi lilichelewa kidogo. Mwaka 2009 lilifunguliwa likiwa hoteli yenye vyumba zaidi ya 270. Mafundi walikabiliwa na tatizo ambalo hulikuta kila anayegeuza kiwanda kuwa hoteli: jengo la mitambo ni pana mno, mwanga wa madirisha haufiki katikati. Wakatoboa matundu makubwa katika sakafu, moja juu ya jingine, ili nuru ishuke kutoka juu hadi chini. Na kule juu kabisa, ambako palikuwa na tangi la chuma la maji ya kuzimia moto, wakaweka bwawa la kuogelea. Moto ulikuwa adui mkubwa wa viwanda vya pamba, na maji yale yaliwekwa kwa hofu. Sasa wageni wanaogelea humo huku wakitazama mapaa ya mji.

Je, ni jambo jema? Mimi naona kwamba anayeulaumu mradi huu hana budi kwanza kuyakumbuka yale madirisha yaliyovunjika. Łódź haikuwa na fedha za kuyahifadhi majengo hayo, na bila ya mwekezaji huenda leo pangekuwa kifusi au maegesho ya magari. Watu wa mji walikuja kwa wingi tangu siku ya kwanza. Wengi wao hawakuwahi kuvuka lango lile, maana kiwanda kilikuwa kimezungushiwa ukuta.

Hata hivyo hesabu ina upande wa pili. Wenye maduka katika mtaa wa Piotrkowska, ambao kwa zaidi ya karne moja ulikuwa ndio moyo wa mji, waliona wateja wao wakihamia Manufaktura. Ajira zilizopatikana ni za kuuza nguo, na nguo zenyewe zinafumwa mbali na Poland. Mji uliokuwa na watu zaidi ya laki nane mwishoni mwa miaka ya 1980 sasa una wapatao laki sita na nusu. Mwaka 2012 eneo zima liliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Ujerumani kwa karibu yuro milioni 390. Na zile famuły ng'ambo ya barabara? Kwa miaka mingi baada ya lango kupakwa rangi na kuwekewa taa, ziliendelea kuwa nyeusi kwa masizi, na waliokaa humo walikuwa maskini, baadhi yao wastaafu wa kiwanda chenyewe. Matofali ni yale yale, lakini kwa upande huu hayakuwa na mnunuzi. Ukarabati wake ulianza baadaye, kwa fedha za umma.

Uwanja ule wenye chemchemi, ambako majira ya kiangazi humwagwa mchanga watoto wakacheza kama wako ufukoni, umepewa na baraza la mji jina rasmi: Uwanja wa Wanawake Wafumaji wa Łódź. Watu wengi, wakipeana miadi, bado husema tu, "tukutane Manufaktura".