Usimamizi wa masafa ya redio Tanzania

Usimamizi wa masafa ya redio nchini Tanzania ni udhibiti wa serikali juu ya matumizi ya mawimbi ya redio katika simu za mkononi, utangazaji, Wi-Fi na mawasiliano mengine yasiyotumia waya. Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003 kwa kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji. Msingi mwingine wa kisheria ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

TCRA hugawa masafa, hutoa leseni, huidhinisha aina za vifaa na kufuatilia mwingiliano wa mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi ni ya pamoja, hivyo nguvu ya kurusha huwekewa kikomo. Kikomo hicho huhesabiwa pamoja na antena, kwa kuwa antena inayoelekeza mawimbi upande mmoja huongeza nguvu upande huo.

Usimamizi huu hugusa pia mipaka ya nchi. Kwa mfano, wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko mpakani, ambako mawimbi ya minara huvuka hadi nchi jirani. Kwa hiyo matumizi ya masafa huko huhitaji uratibu na wasimamizi wa Rwanda na Uganda.