Maktaba na Jua la Asubuhi

Umeme unapokatika mchana, ofisi nyingi za mijini hugeuka tanuri. Watu hutoka nje kutafuta upepo. Je, maktaba nayo ifungwe mchana kweupe, jua likiwa utosini, eti kwa kukosa taa?

Watu wa kale wangelishangaa swali hilo. Miaka 2,000 iliyopita Mrumi aitwaye Vitruvius, aliyeandika vitabu vya ujenzi, alishauri kwamba maktaba ielekee mashariki. Sababu zake zilikuwa mbili: msomaji anahitaji mwanga wa asubuhi, na vitabu visioze, kwani pepo za kusini na magharibi huleta unyevu na wadudu. Mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo, Maktaba ya Celsus ilijengwa mjini Efeso, katika Uturuki ya leo. Inatazama mashariki, na nyuma ya mashubaka ya vitabu mafundi waliacha nafasi kati ya kuta mbili ili kuzuia unyevu.

Hata ukumbi wa kusomea wa British Museum mjini London, uliofunguliwa mwaka 1857, ulitegemea jua. Taa za gesi zilikatazwa kwa kuogopa moto. Ukungu ukitanda, wasomaji walirudi nyumbani. Mwaka 1879 taa za umeme zikaanza kutumika humo. Hiyo ilikuwa neema kubwa.

Lakini neema hulevya. Umeme na viyoyozi vilipoenea, wasanifu wengi waliacha kulijali jua. Maktaba ya taifa ya Ufaransa, iliyofungua milango kwa wasomaji jijini Paris mwaka 1996, iliweka vitabu katika minara minne ya vioo. Watu walilalamika kwamba jua litaviharibu, ikabidi nyuma ya vioo ziwekwe mbao za kulikinga.

Burundi wamepita njia nyingine. Mwaka 2012 ilikamilika maktaba ndogo mjini Muyinga, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa watoto viziwi. Wasanifu kutoka Ubelgiji walifanya kazi na wakazi wa hapo. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa kwa kuni. Paa ni la vigae juu ya miti ya mkaratusi. Dari iko juu na kuta zina matundu, hivyo joto hupanda na upepo hupenya. Mbele kuna baraza, na ndani umetandazwa wavu wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza wakisoma.

Sisemi tutupe taa, usiku haukwepeki. Nasema kamati ya ujenzi isianze kwa kuuliza bei ya jenereta. Ianze kwa kuuliza jua linachomoza wapi na upepo unavuma kutoka wapi. Bili ya jengo lililokosewa italipwa na wajukuu, na fedha hizo zingenunua vitabu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.