Kosa la Kwanza la Dawa za Kulevya: Mahakama Huangalia Nini Kabla ya Kutoa Adhabu?

Kijana wa mtaani akikamatwa na bangi au unga, swali la kwanza la jamaa zake huwa ni lile lile: "Si ni mara yake ya kwanza? Atasamehewa?" Nimefuatilia kesi hizi katika mahakama za Mombasa na Shanzu kwa muda mrefu, na jibu langu halibadiliki. Kuwa mkosaji wa mara ya kwanza kunasaidia, lakini hakutoshi. Yanayoamua ni kifungu alichoshtakiwa nacho, uzani wa dawa, na yale yatakayomfikia hakimu kabla ya adhabu kutolewa.

Kupatikana nazo si kulangua

Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ni ya mwaka 1994, na ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana na dawa, cha 4 kinahusu ulanguzi. Tofauti yake ni mbingu na ardhi.

Aliyepatikana na bangi, akairidhisha mahakama kuwa ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe, adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Mzigo wa kuthibitisha hilo ni wake. Kwa mlanguzi, sheria inataja faini isiyopungua shilingi milioni 30 au kifungo cha miaka 30 kwa dawa za gramu 1 hadi 100. Zikizidi gramu 100, faini huanzia milioni 50, na kifungo ni miaka 50.

Wazazi wengi hudhani mlanguzi ni muuzaji tu. Kisheria, hata kusafirisha, kuhifadhi au kumpelekea mtu ni ulanguzi. Kijana wa bodaboda anayekubali kubeba kifurushi akijua kilichomo anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 4. Kwa hivyo isomeni hati ya mashtaka kwa makini: kifungu kipi, dawa gani, uzani gani. Sheria inataka dawa zipimwe mbele ya mshtakiwa inapowezekana. Ulizeni kama alikuwapo.

Asikimbilie kukiri

Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoangamia. Mtu huwanong'oneza, "Kiri upesi, utapigwa faini urudi nyumbani." Ni kweli kukiri mapema kunaweza kupunguza adhabu. Lakini aliyekiri hawezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Hubaki na nafasi ya kupinga adhabu peke yake. Akiri baada ya kuelewa shtaka na adhabu yake, na ikiwezekana baada ya kuonana na wakili. Kama lugha ya mahakama haimwelei, Katiba inampa mkalimani bila malipo.

Hakimu ana uwezo gani?

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilieleza kuwa kifungo cha maisha kilichokuwa kikitajwa wakati huo katika kifungu cha 4 kilikuwa kiwango cha juu kabisa, si adhabu ya lazima kwa kila mtu. Hakimu hupima uzito wa kosa na hali ya mkosaji.

Adhabu ya kosa dogo inaweza kuwa kifungo cha nje, kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, chini ya afisa wa urekebishaji tabia. Iwapo hakimu anaona kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3, anaweza kuamuru huduma kwa jamii, yaani kazi ya umma isiyo na malipo. Mraibu anaweza kuamriwa atumikie sehemu ya kifungo katika kituo cha kurekebisha tabia. Na mtoto wa chini ya miaka 18 hafungwi jela, kwa hivyo cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi mapema.

Kazi ya familia

Wakili aombe ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia. Afisa huyo huulizia nyumbani, kwa mzee wa mtaa, kwa mwajiri, hata msikitini. Msimfiche. Kama kijana ni teja na ameanza kunywa methadoni kliniki, kama ile ya Malindi, pelekeni karatasi zake. Kama alikuwa akifanya kazi, mwajiri aandike barua. Mkumbusheni wakili pia aombe siku alizokaa rumande zihesabiwe. Hiyo ni sheria, si hisani.

Adhabu ikiwa nzito kupita kiasi, rufaa hukatwa ndani ya siku 14.

Nimeona familia zikiuza dhahabu ya mama kumlipa dalali wa kortini aliyeapa kuwa "anamjua hakimu". Kijana akafungwa, dalali akazima simu. Fedha hizo zingemtosha wakili. Msizitoe kwa mtu asiyeweza kusimama mbele ya hakimu akamtetea mwanenu.