Kabla ya Utando Kulikuwa na Lami

Mwenye gari jipya akiuliza leo namna ya kuzuia kokoto zisidonoe rangi, ataelekezwa kwa fundi anayebandika utando angavu wa plastiki kwenye boneti, bampa na pembe za milango. Kazi hiyo ni ghali, inataka mkono uliotulia, na ikifanywa vizuri inasaidia kweli. Lakini imetuzoesha kuamini kwamba kulinda rangi ni shauri la mwenye gari na mfuko wake, naye asiye na uwezo na avumilie madoa ya kutu. Historia ya gari haikuanza hivyo. Kinga ya kwanza na kubwa kuliko zote ilikuwa ya umma: ilimwagwa barabarani, ikamfaa kila mpita njia. Hizi tunazonunua mmoja mmoja zilikuja baadaye, na hadi leo hazijaweza kushika nafasi ya ile ya kwanza.

Tuanze na barabara yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, John Loudon McAdam, Mskoti, aliwafundisha Waingereza kujenga barabara kwa mawe madogo yaliyopondwa. Magurudumu ya chuma ya mikokoteni yaliyashindilia mawe hayo na kuyasaga pembe zake, na vumbi lililotoka humo ndilo lililoyashikamanisha. Ujenzi huo ulimfaa farasi. Gari la injini lilipofika na matairi yake ya mpira yaliyojaa upepo, mambo yaligeuka. Tairi linaloendeshwa na injini huisukuma barabara nyuma kwa nguvu, na mwendo wa kasi hulifyonza vumbi na kulipeperusha. Gundi ilipoondoka, mawe yalibaki yamelegea, tayari kurushwa. Mwaka 1902, huko Monaco, daktari Mswisi Ernest Guglielminetti alianza kumwaga lami juu ya barabara ili kuzima vumbi, na mwaka huohuo, huko Uingereza, Edgar Hooley akapata hataza ya kuchanganya lami na mabaki ya tanuru za chuma. Mwaka 1908 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris katika kongamano la kwanza la kimataifa la barabara, na mwaka uliofuata chama chao cha kudumu kikaundwa. Hoja iliyowasumbua ilikuwa ni barabara zinazoharibiwa na magari. Itakuwa kuwasingizia tukisema waliwaza rangi za magari. Waliwaza vumbi, afya na gharama za matengenezo. Hata hivyo, jiwe lililoshikwa na lami halirushwi na mtu, na aliyefaidika hakuulizwa kama ana gari la kifahari.

Ilikuwa bahati, kwa sababu rangi za wakati huo zilikuwa dhaifu. Magari ya mwanzo yalipakwa vanishi zilezile za magari ya farasi, tabaka juu ya tabaka, na kazi ilichukua wiki kadhaa hadi kukauka. Ford aliuza Model T nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi 1925. Ilipotoka Duco ya kampuni ya DuPont mwaka 1923, na mwaka uliofuata magari ya Oakland yakapakwa rangi hiyo kwa buluu, ushindi mkubwa ulikuwa kukauka kwa saa chache na kuleta rangi nyingi za kuchagua. Kustahimili mawe hakukuwa kivutio chake.

Mashindano ya magari ndiyo yaliyoonyesha jiwe linaweza kufanya nini. Katika saa 24 za kwanza za Le Mans, Mei 1923, John Duff na Frank Clement waliendesha Bentley ya lita 3 kwenye barabara ya changarawe. Jiwe lilivunja taa ya mbele usiku, na jingine likatoboa tangi la petroli. Petroli ilipokwisha, Duff alirudi kambini kwa miguu; Clement akachukua baiskeli, akabeba mafuta hadi kwenye gari, akaziba tundu, wakaendelea na kumaliza wa nne. Mwaka 1924 walirudi na nyavu za chuma mbele ya taa na kinga ya tangi, wakashinda. Kinga binafsi ilizaliwa katika mazingira ya namna hiyo: mahali ambapo barabara ilikuwa haijatengenezwa na dereva alikuwa ameamua kwenda mbio. Ilikuwa dawa ya dharura.

Afrika Mashariki ilithibitisha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, sehemu kubwa kwenye barabara za vumbi na changarawe. Magari yake yalikuja kujulikana kwa sura: vyuma mbele ya bampa, nyavu kwenye taa, na madigadi mapana ya mpira nyuma ya kila tairi. Tutazame hayo madigadi. Humkinga mwenye gari, kwa kuwa matairi ya mbele huyapiga mawe kwenye kingo za chini za bodi yake mwenyewe. Na humkinga anayefuata nyuma. Ni kifaa kimoja chenye faida mbili, ya binafsi na ya jirani. Sheria za Uingereza za vyombo vya moto zimeyatambua madigadi kwa sababu hiyo: zinataka gurudumu lifunikwe ili lisirushe tope na maji kadiri inavyowezekana. Anayerusha ndiye aliyepewa wajibu.

Utando wa plastiki una asili nyingine kabisa. Ulitokana na mahitaji ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Vietnam, pale kampuni ya 3M ilipotengeneza utando wa poliyurethani wa kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vifusi. Kutoka hapo ulifika kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya kawaida. Una unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi, wakati tabaka zote za rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi vanishi ya juu, huwa mikroni 100 hadi 150. Unywele wa binadamu una kama 70. Jiwe likigonga rangi isiyokingwa, vanishi hupasuka kwanza, mtikisiko ukashuka tabaka kwa tabaka, na mahali pengine rangi hubanduka hadi kwenye bati. Doa linaweza kuwa dogo kama kichwa cha pini. Unyevu huingia hapo, kutu ikatambaa chini ya rangi nzima, na baada ya misimu kadhaa ya mvua fundi hulazimika kuikwangua sehemu yote kwa msasa.

Mtu atasema viwanda vimekwisha kulimaliza tatizo hili, na ana ushahidi. Praima inayovutwa kwenye bati kwa umeme ilianza kutumiwa na Ford miaka ya 1960, na mwaka 1986 Audi 80 ilitoka na bodi iliyopakwa zinki yote. Kutu imepungua sana. Lakini zinki inakinga chuma tu. Rangi iliyodonolewa haitarudi. Hoja nzito zaidi ni kwamba lami nayo ina kokoto. Ni kweli, hasa pale barabara inapomwagiwa lami nyembamba na kutandazwa kokoto juu, njia inayotumika sana Kenya na Tanzania kwa kuwa ni nafuu. Ni kweli pia kwamba madigadi hayazuii kila jiwe, maana lililorushwa na lori hupanda, hupoteza kasi, na gari la nyuma ndilo hulikuta hewani. Hoja hizo zinanipa nguvu. Kokoto za ziada zinaweza kufagiliwa. Uingereza huweka ukomo wa maili 20 kwa saa kwenye barabara mpya ya aina hiyo hadi zishikamane. Dereva anaweza kuongeza umbali na kupunguza mwendo, na hesabu iko upande wake: ukishuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 60, nishati ya pigo la jiwe lililo hewani inabaki robo. Hakuna utando dukani unaotoa nafuu ya namna hiyo kwa kila gari lililoko barabarani.

Mwenye fedha na abandike utando, simlaumu. Madai yetu kwa wakandarasi na wamiliki wa malori yabaki palepale: kokoto zilizolegea zifagiliwe kabla barabara haijafunguliwa kwa mwendo wa kasi, kila tairi la lori liwe na madigadi, na shehena ya kifusi ifunikwe turubai tangu inapotoka machimboni.