Donald Knuth na Bei ya Kosa

Dola 2.56 za Marekani hazimtajirishi mtu. Hata hivyo wataalamu wengi wa kompyuta waliowahi kupokea hundi ya kiasi hicho hawakuipeleka benki. Waliitia kwenye fremu, wakaitundika ukutani. Mtoaji ni Donald Ervin Knuth, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, na mpokeaji ni yeyote aliye wa kwanza kumwonyesha kosa katika vitabu vyake. Mkato uliokosewa, mwaka usio sahihi, hesabu iliyopinda, vyote vina malipo.

Kwa nini 2.56 na si 3? Senti 256 ni 16 mara 16. Anayehesabu kwa mafungu ya 16, kama watu wa kompyuta wanavyozoea, huandika namba hiyo 100, na senti 100 ni dola. Utani wenyewe ni mkavu kidogo, lakini ndivyo alivyo Knuth. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi za benki halisi, maana picha za hundi hizo zilikuwa zimezagaa mtandaoni na wezi walianza kuzitumia namba za akaunti. Tangu hapo hutoa cheti cha Benki ya San Serriffe, nchi ya visiwa isiyokuwapo duniani. Visiwa hivyo vilibuniwa na gazeti la The Guardian la Uingereza tarehe 1 Aprili 1977, Siku ya Wajinga, katika toleo maalumu lililojaa majina yaliyotokana na istilahi za wapiga chapa. Wasomaji wasiojua lugha ya kiwanda cha chapa waliingia mkenge.

Nimeanza na hundi kwa sababu humo ndimo ulimo msimamo wake wote kuhusu zana za kompyuta: kila kosa lina mahali lilipo, lina mwenyewe, na mwenyewe analilipia. Siku hizi mashine zinatuandikia barua, insha na hata programu, na msimamo huo unaonekana kama wa zama nyingine. Ndiyo maana historia yake inafaa kusimuliwa.

Knuth alizaliwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, tarehe 10 Januari 1938. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya Kilutheri na nyumbani alikuwa na kazi ndogo ya uchapaji, kwa hiyo kijana alikua akinusa wino. Mwaka 1956 aliingia Case, chuo cha teknolojia cha Cleveland, akasome fizikia. Huko alikutana na IBM 650, mashine ya kujaza chumba, na kitabu chake cha maelekezo. Akakisoma, akaona mifano iliyomo ni ya hovyo, akajiambia kwamba yeye angeandika bora zaidi. Amesimulia mara nyingi kwamba laiti kitabu kile kingeandikwa vizuri, huenda asingeingia kabisa katika kazi hii.

Januari 1962, akiwa na miaka 24 na bado akisomea shahada ya uzamivu katika taasisi ya Caltech, kampuni ya uchapishaji ya Addison-Wesley ilimwomba aandike kitabu kuhusu kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Alikubali, akapanga sura 12. Kufikia 1965 alikuwa na rasimu ya kurasa 3,000 kwa mkono. Alidhani kurasa tano za mwandiko wake zitatoa ukurasa mmoja wa kitabu. Wachapishaji walipopiga hesabu zao wakakuta kazi ile inakaribia kurasa 2,000 za chapa. Ikaamuliwa igawanywe juzuu saba, ziitwe The Art of Computer Programming. Ya kwanza ilitoka 1968, ya pili 1969, ya tatu 1973. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika taaluma ya kompyuta.

Kabla ya vitabu hivyo, algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, zilikuwa zimetawanyika katika majarida na ripoti, kila mtu akisifu ya kwake. Knuth alizikusanya, akazipima kwa hesabu: hii inafanya hatua ngapi, ile inakula nafasi kiasi gani, na mambo yakiharibika yataharibika vipi. Chukua orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa kwa alfabeti. Anayesoma jina moja baada ya jingine anaweza kufika mwisho wa orodha ndipo alione analolitaka. Anayefungua katikati, akatupa nusu isiyohusika, akarudia hivyo hivyo, atalipata kwa hatua zisizozidi 20. Kanuni ni nyepesi mno, mtoto wa shule anaielewa. Lakini Knuth alipofuatilia historia yake alikuta kwamba ilichapishwa mara ya kwanza 1946, na toleo la kwanza lisilo na dosari likaja kuchapishwa 1962. Miaka 16! Tangu hapo mtu akisema programu yake ni rahisi, kwa hiyo haina kosa, kuna pa kumwelekeza.

Kisha ikaja 1977, mwaka uliomtoa njiani. Juzuu za kwanza zilikuwa zimepangwa kwa herufi za risasi, kazi ya mafundi wenye macho makali. Toleo jipya la juzuu ya pili lilipokuwa tayari, viwanda vilikuwa vimehamia kwenye upangaji wa herufi kwa picha, na prufu alizoletewa zilimkera: herufi zimepauka, nafasi hazilingani, fomula za hesabu zimekaa upogo. Karibu na siku hizo hizo aliona kurasa za kitabu kilichopangwa kwa kompyuta, kila herufi ikiwa imeundwa kwa vitone vidogo mno, na zilikuwa safi kama za risasi. Vitone ni suala la sifuri na moja, na sifuri na moja ndiyo kazi yake. Akaamua kuandika programu ya kupanga kurasa mwenyewe. Kitabu kile kilichompa wazo, kwa taarifa ya wanaopenda mizunguko ya historia, kilikuwa cha Patrick Winston na kiliitwa Artificial Intelligence. Na programu yake mpya, TeX, ilizaliwa katika kompyuta ya maabara ya akili mnemba ya Stanford, maabara aliyoianzisha John McCarthy. Akili mnemba na Knuth wamekuwa majirani tangu zamani.

Alidhani likizo moja ya utafiti ingetosha. Ilichukua takribani miaka kumi.

Ndani ya TeX mna mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni jinsi inavyokata mistari ya aya. Programu nyingi za wakati ule zilifanya kama konda wa daladala anayejaza siti zilizo mbele yake bila kujali abiria wa kituo kinachofuata: weka maneno mpaka mstari ujae, nenda mstari wa pili. Matokeo yake ni mstari mmoja uliobanana na mwingine wenye mapengo ya kuingiza kidole. Knuth na mwanafunzi wake Michael Plass, katika makala yao ya 1981, walitaka aya nzima iangaliwe kwa pamoja. Kila mstari unapewa alama za ubaya kulingana na nafasi zake zilivyovutwa au kubanwa, na mashine inatafuta mpangilio wenye jumla ndogo kuliko yote. Ukiwa na sehemu 20 tu zinazoweza kukatwa, mipangilio ni 1,048,576. Hata hivyo algoriti yao haiipitii yote, kwa kuwa njia iliyokwisha kushindwa na nyingine hadi mahali fulani hutupwa hapo hapo.

La pili ndilo linalonivutia zaidi: kukata neno mwishoni mwa mstari kwa kistari. Sisi tuna nafuu, maana silabi zetu nyingi huishia irabu. Hata hivyo programu inayofuata kanuni za Kiingereza inaweza kutukatia “mwan-anchi” katika safu ya gazeti bila haya. Kiingereza chenyewe ni fujo tupu, hakuna kanuni fupi inayokitosha. Mwanafunzi mwingine wa Knuth, Frank Liang, katika tasnifu yake ya 1983, aliacha kutafuta kanuni. Aliipa kompyuta kamusi ndogo ya Webster yenye maneno yapatayo 45,000 yaliyokwisha kukatwa na watu, akaiacha itafute ruwaza za herufi yenyewe. Raundi ya kwanza ilitafuta ruwaza zinazoruhusu mkato, ya pili zinazouzuia pale ya kwanza ilipokosea, ya tatu zikarekebisha makosa ya pili, hivyo hivyo hadi tano. Zikapatikana ruwaza 4,447, nazo zinaona karibu mikato tisa katika kila kumi iliyomo kwenye kamusi ile.

Tazama kilichotokea hapo. Mashine ilijifunza kutokana na mifano, si kutokana na kanuni iliyoandikwa na mtu. Kwa maana hiyo ni jamaa wa mbali wa mifumo ya lugha tunayoizungumzia leo. Lakini ruwaza zake zimeandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, na neno likikatwa vibaya unaweza kuonyesha kwa kidole ni ruwaza ipi iliyoleta balaa. Yalipobaki maneno yasiyotii, yaliongezwa kwa mkono: 14 basi, likiwemo “table”.

Makosa ya TeX yenyewe Knuth aliyaweka kwenye daftari tangu mwanzo. Mwaka 1989 alilichapisha: makosa na mabadiliko zaidi ya 800, yamepangwa katika makundi 15, kuanzia ya kupitiwa na usingizi hadi ya kutofikiri sawasawa. Sijui waandishi wa programu wangapi wangethubutu kuanika nguo zao hivyo. Malipo kwa aliyeona kosa ndani ya TeX yaliongezwa mara mbili kila mwaka hadi yakafika dola 327.68, yakasimamishwa hapo. Matoleo yanahesabiwa kwa kuikaribia pai, na la mwaka 2021 ni 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa, toleo libaki pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limesalia lihesabiwe kuwa sehemu ya programu.

Katika kazi ile alijifunza jambo ambalo wakubwa wa miradi hawalipendi. Majira ya joto ya 1977 alisafiri kwenda China, akawaachia Plass na Liang michoro ya TeX waijenge. Aliporudi aliona kwamba michoro aliyoiona kamili ilikuwa na mashimo kila mahali, na vijana walikuwa wakibahatisha. Akahitimisha kwamba mbunifu wa mfumo mpya lazima auandike mwenyewe mara ya kwanza na aandike pia kitabu cha maelekezo. Katika kazi hiyo ya TeX lilizaliwa pia wazo lake la 1984, kwamba programu iandikwe kama insha inayosomwa na binadamu, maelezo na amri vikiwa pamoja. Wazo hilo halikuenea kama alivyotarajia, na sishangai. Linamtaka mwandishi wa programu awe pia mwandishi, na wengi wetu hatuwi hata kimoja kati ya hivyo viwili vizuri. TeX yenyewe ilienea kwa njia nyingine: aliitoa bure, mtaalamu mwingine wa kompyuta, Leslie Lamport, akaijengea mfumo wa LaTeX ulio rahisi zaidi kutumia, na leo mwanafunzi wa hisabati wa Nairobi au Dar es Salaam anapanga fomula za tasnifu yake kwa algoriti zile zile.

Wapo wanaomwona Knuth ni mtu wa kuchelewesha mambo, na hawajakosea sana. Barua pepe aliacha kuitumia tarehe 1 Januari 1990, akidai kazi yake inahitaji kuzama. Juzuu ya nne imebidi igawanywe: 4A ilitoka 2011, 4B mwaka 2022. Kampuni ya biashara ikifanya kazi kwa mwendo huo ingefilisika kabla ya sura ya pili.

Mwaka 2023 akaingia katika gumzo la ChatGPT kwa namna yake. Alitunga maswali 20, akampa mwanafunzi mmoja ayaulize kwa niaba yake, kisha akayachambua majibu katika barua kwa Stephen Wolfram, muasisi wa programu ya Mathematica. Maswali yalikuwa ya mtegaji mzoefu. Soko la hisa la NASDAQ litafanya nini Jumamosi? Jua litakuwa utosini saa ngapi huko Japani tarehe 4 Julai? Riwaya ya The Haj ya Leon Uris ina sura ngapi? Andika sentensi yenye maneno ya herufi tano tano tu. Lugha ya majibu ilimpendeza, akakiri hivyo. Kilichomshangaza ni jinsi sauti ya kujiamini inavyoyapa mambo ya kubuni sura ya utafiti uliokamilika, kiasi kwamba asiyejua somo hana pa kushtukia.

Nadhani hapo aligusa penyewe. Mfumo wa GPT-3, uliotangulia ChatGPT, una vigezo, yaani namba zake za ndani, bilioni 175. Ukitoa jibu la uongo, hakuna faili unaloweza kulifungua ukaonyesha namba yenye hatia kama ilivyo kwa ruwaza za Liang, wala hakuna nafasi ya kuongeza neno la kumi na tano. Watengenezaji huurekebisha kwa kuufundisha upya, kisha wanapima kama umepona, na huenda umeugua mahali pengine. Hilo halifanyi mifumo hiyo kuwa takataka, na wanaoitumia kila siku kuandika programu wana sababu zao. Ila mbinu ya kulipa kosa moja moja, iliyojenga TeX, haina pa kushika humo.

Knuth alimalizia barua yake kwa kusema kwamba utafiti wa aina hiyo anawaachia wengine. Yeye muda wake ni wa mambo halisi yanayoweza kuaminiwa. Akarudi kwenye juzuu ya nne. Baada yake imepangwa ya tano, kuhusu namna kompyuta inavyochambua maandishi na sentensi. Kitabu cha kompaila, kile alichoombwa Januari 1962, kimepangiwa juzuu ya saba.