Kiti cha Bara ya Mrima

Bagamoyo ina nyuso mbili, na washairi wameuimba mmoja tu. Ule unaoimbwa ni uso wa baharini: majahazi, minazi, magofu ya matumbawe, na lile jina ambalo kila mtunzi hulifasiri apendavyo, huyu akisikia ndani yake mpagazi anayetua mzigo, yule akisikia mtumwa anayeuacha moyo wake ufukweni. Uso wa pili umegeukia bara. Unaanza pale njia ya misafara ilipouvuka mto Ruvu, ukapanda hadi Lugoba, Msata na Msoga katika nchi ya Wakwere, majirani wa Wazaramo, Wadoe na Wazigua. Huko hakuna jahazi. Kuna mashamba ya mahindi na mihogo, mananasi ya Kiwangwa, na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara.

Katika kijiji cha Msoga ndiko alikozaliwa Jakaya Mrisho Kikwete, tarehe 7 Oktoba 1950. Ulimwengu unamkumbuka kwa miaka kumi ya urais, 2005 hadi 2015. Makala haya yanamtazama katika cheo kilichotangulia, ambacho waandishi wengi hukirukia kama kidaraja kibovu: cheo cha mbunge wa shamba.

Babu yake alikuwa chifu, na baba yake, Mzee Halfani, alikuwa mkuu wa wilaya. Mwanzoni mwa 1963 serikali ya Tanganyika iliufuta uchifu, na watoto wa nyumba kama hiyo wakabaki na mlango mmoja wa kuingilia utawala, nao ulikuwa chama. Baada ya shule za Lugoba, Kibaha na Tanga, kijana huyu alihitimu uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975 na akachagua kazi ya TANU. Alitumwa Singida na Tabora. Vyama vilipoungana 1977 alipelekwa Zanzibar kusaidia kujenga CCM. Akawa mwanajeshi na mkufunzi wa siasa Monduli. Kisha katibu wa chama Nachingwea na Masasi. Mtu huyu wa mrima aliijua Tanzania ya vumbi kabla ya kurudi kuomba kura kwao.

Hata ubunge haukuanzia kwa wapigakura. Novemba 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua mbunge na naibu waziri, akiwa na umri wa miaka 38. Miaka miwili baadaye aligombea Bagamoyo katika uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja, ule ambao wagombea wawili walisimama chini ya chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Alishinda, akawa waziri kamili wa maji, nishati na madini. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa aliacha jeshi, akiwa luteni kanali, akabaki katika siasa. Mwaka 1994 alikabidhiwa Wizara ya Fedha.

Mwaka 1995 wilaya ya Bagamoyo ikawa na majimbo mawili, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mji wa pwani ulibaki na jina lake kongwe. Bara ilipewa jina la njiapanda, Chalinze. Kikwete alikwenda na bara. Kwa macho ya mshairi huenda alichagua upande mkavu. Kwa macho ya mwanasiasa alichagua kwao, na alichagua pia barabara. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, iliiua biashara ya misafara ya Bagamoyo, mji ambao tayari ulikuwa umepoteza makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891. Msafara ulihamia mbali na bahari. Leo malori ya kwenda Morogoro na mabasi ya kwenda Tanga na Arusha huachana Chalinze, na wachuuzi wake ndio warithi wa wale waliokuwa wakiwauzia wapagazi chakula.

Mwaka huohuo aliutaka urais. Katika mkutano wa chama Dodoma aliongoza duru ya kwanza, kisha akashindwa na Benjamin Mkapa, ambaye Mwalimu Nyerere alionekana kumwelekea. Akapewa Mambo ya Nje, akakaa huko miaka kumi. Hebu msomaji aipime hali hiyo: jimbo la wakulima, mbunge wake yuko Burundi leo, kesho Kongo, keshokutwa katika majadiliano ya kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mama wa Lugoba aliyebeba ndoo angeweza kuuliza kwa haki kabisa mbunge wake anamwakilisha nani. Jibu moja lilipita katika bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa maji wa Chalinze, uliochota mto Wami na kujengwa kwa msaada wa China, ulianza kuvifikia vijiji. Haukumaliza kiu, madai ya maji yalibaki wimbo wa kila kampeni. Lakini ulionyesha namna jimbo dogo linavyofaidi kuwa na mtoto kwenye meza kubwa, na namna linavyolazimika kumngojea arudi safari.

Desemba 2005 alichaguliwa rais kwa asilimia 80 ya kura, na kiti cha Chalinze kikapata watu wengine. Said Bwanamdogo, aliyechaguliwa 2010, alifariki Januari 2014, na uchaguzi mdogo wa Aprili mwaka huo ukampa kiti Ridhiwani Kikwete, mtoto wa rais aliyekuwa madarakani. Wapo walioona ni haki ya wapigakura kumchagua wamtakaye. Wapo waliokumbuka kwamba uchifu ulifutwa 1963. Alirudi bungeni 2015 na tena 2020.

Na ule uso wa baharini? Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ilitiwa lami katika enzi ya urais wake, ikaziunganisha tena pwani na bara kwa njia inayokaribia ile ya wapagazi. Kisha ikaja ndoto ya bandari. Makubaliano na China yalitiwa saini Machi 2013, Oman nayo ikaingia, na tarehe 16 Oktoba 2015 Kikwete aliweka jiwe la msingi Mbegani, kusini kidogo mwa mji. Zilibaki siku 20 akabidhi nchi. Mrithi wake, John Magufuli, aliusimamisha mradi, na mwaka 2019 akayataja masharti yake kuwa ya kinyonyaji. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Kikwete mwenyewe, alipokwisha kukabidhi madaraka, alirudi Msoga, upande wa bara.